Cha kula baada ya kung'olewa gego la mwisho

Nimeng'olewa magego ya mwisho mara mbili. La chini kushoto lilitoka mwezi wa pili, la chini kulia likafuata mwezi wa kumi mwaka huohuo. Daktari alikuwa yuleyule, na yote mawili yalikuwa yamelala ubavu ndani ya ufizi, ikabidi nipasuliwe na kushonwa. Mara ya kwanza niliumwa siku kumi na mbili. Mara ya pili, siku ya tano nilikuwa nimesimama darasani nafundisha. Kilichobadilika kati ya mara ile na hii ni chakula: nilichokula, namna nilivyokila, na saa niliyokila.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha pangiwa tarehe na daktari wa meno, au aliyerudi nyumbani muda si mrefu, pamba bado iko mdomoni, mate yana ladha ya damu, na hajui aanzie wapi.

Kinacholindwa ni donge la damu

Jino likishatoka linaacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Shimo hujaa damu, damu ikaganda, na donge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Nyama mpya huanza kuota ndani ya donge hilohilo. Likikaa mahali pake, maumivu hupungua siku hadi siku. Likichomoka au kuyeyuka kabla ya wakati, mfupa unabaki uchi, na kila hewa na kila tone la maji linaugusa. Hali hiyo huitwa shimo kavu, na magego ya mwisho ya chini ndiyo yanayoongoza kwa kuipata.

Mimi niliipata. Siku ya pili baada ya kung'olewa lile la kushoto mdomo ulikuwa haufunguki. Kidole kimoja ndicho kilichopita kati ya meno. Nikaona nisage ndizi na maziwa, ninywe kwa mrija. Kinywaji kilikuwa kizito, nikavuta kwa nguvu hadi mashavu yakabonyea. Sikuhisi kitu chochote kutoka. Siku ya nne alfajiri nikaamshwa na maumivu yaliyoanzia kwenye taya yakapanda hadi ndani ya sikio, na mdomoni mna ladha ya kitu kilichooza. Vidonge vilivyonituliza jana yake havikufua dafu. Daktari alimulika shimo kwa taa yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ulitumia mrija?" Alilisafisha, akachomeka kitambaa chembamba kilicholowa dawa yenye harufu kali ya karafuu. Maumivu yalishuka kabla sijafika nyumbani, ila ilibidi nirudi mara tatu kubadilishiwa dawa ile.

Tangu hapo kila chakula nakipima kwa swali moja: kitaliacha donge mahali pake? Kinachohitaji kuvutwa kwa mdomo kinaling'oa. Cha moto kinalilegeza. Kigumu kinalichokonoa, na chenye chembechembe kinajipenyeza pembeni yake. Ukilishika swali hilo, hata chakula ambacho sitakitaja hapa utaweza kukiamua mwenyewe.

Pika kabla ya siku yenyewe

Kosa langu la mwanzo nililifanya kabla sijakaa kwenye kiti cha daktari. Niliondoka nyumbani bila kuacha kitu jikoni. Nikarudi shavu zima limekufa ganzi, kichwa kizito, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwasha jiko.

Mara ya pili nilipika jana yake, jioni nzima. Nilichemsha sufuria ya supu ya boga na nyingine ya dengu, nikazisaga kwenye blenda, nikazipitisha kwenye chujio na kuzigawa katika vibakuli vidogo, kila kibakuli mlo mmoja. Vya siku mbili vikaingia kwenye friji, vilivyobaki nikavigandisha. Viwe vidogo kweli. Siku za mwanzo mtu hula vijiko kumi akachoka, na supu iliyopashwa moto na kurudishwa kwenye friji mara tatu haimfai mtu mwenye kidonda mdomoni.

Vingine nilivyoweka tayari ni mayai, maziwa, mtindi usio na vipande vya matunda, unga laini wa shayiri, viazi, ndizi mbivu, minofu ya samaki isiyo na miiba, na maparachichi mawili ambayo bado yalikuwa magumu kidogo ili yaive siku ya pili na ya tatu. Na kijiko. Kijiko nakitaja peke yake kwa kuwa kilinifaa kuliko vyombo vyote: kijiko cha kulishia mtoto mchanga, kidogo, bapa, chenye ncha laini. Mdomo unapofunguka upana wa kidole, kijiko cha mezani hakiingii bila kugonga meno na kukulazimisha utanue taya, na ukitanua, mishono inavutika.

Kuhusu kula kabla ya kwenda, fuata ulivyoambiwa. Kama ni ganzi ya sindano ya ufizini tu, kwa kawaida unaruhusiwa kula, nami nakusihi ule ushibe, maana mlo mwingine wa kueleweka uko mbali. Kama utalazwa usingizi, utaambiwa ukae bila kula kwa saa kadhaa, na hapo usijihurumie hata kwa kipande cha mkate. Chakula kilichoko tumboni kinaweza kurudi juu ukiwa hujitambui, kikaingia mapafuni.

Saa za mwanzo

Pamba uliyowekewa ing'ate kwa uthabiti dakika 30 hadi 45, bila kuitoa kila mara kuchungulia. Kila unapoitoa unalivuruga donge linalojijenga. Ikishatoka, unaweza kunywa maji ya kawaida, funda dogo dogo, kwa kikombe.

Usitafune chochote wala usinywe cha moto hadi ganzi iishe. Huchukua saa mbili, tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Mdomo, ulimi na shavu vilivyokufa ganzi havijui vinapoungua wala vinapoumwa na meno yako mwenyewe. Mimi niliuma upande wa ndani wa mdomo wa chini hadi pakachubuka, na habari zake nikazipata usiku.

Ganzi huanza kuondoka kwa mwasho kwenye kidevu na pembe ya mdomo. Huo mwasho ndio saa yangu. Hapo nilikula vijiko vitano vya mtindi wa baridi, ambao hautafunwi, kisha nikameza kidonge cha kwanza cha maumivu nilichoandikiwa. Ukisubiri hadi maumivu yapande ndipo umeze, utakaa muda mrefu ukiyangoja yashuke.

Siku hiyo yote chakula kiwe cha baridi au vuguvugu, chepesi, cha kumeza tu. Mtindi, maziwa, supu iliyopoa, uji mwepesi uliopoa. Aiskrimu laini isiyo na karanga wala vipande vya chokoleti inatuliza, lakini sukari ni nyingi na haimkai mtu tumboni, kwa hiyo mimi niliiwekea jioni ya kwanza tu. Kila ukimaliza kula, usisukutue. Chukua maji mdomoni, inamisha kichwa juu ya sinki, fungua mdomo, yaache yatoke yenyewe. Mate nayo usiyateme kwa kishindo. Kutema kwa nguvu kunaling'oa donge kama mrija unavyoling'oa, na watu wengi walioambiwa habari ya mrija hawakuambiwa hili. Mate kuwa mekundu-mekundu siku ya kwanza ni kawaida.

Siku ya pili na ya tatu

Nilidhani siku ya pili ningeamka nafuu. Uvimbe hufikia kilele chake kati ya saa 48 na 72, na taya hukaza. Shavu langu lilikuwa limejaa hadi jicho likawa dogo. Hamu ya kula hakuna. Hapa ndipo wengi wanaposhinda na chai na juisi siku mbili nzima, kisha wanashangaa kizunguzungu, na dawa zinawachoma tumbo. Mama yangu alinikuta nimejilaza nimegeukia ukutani, akaweka bakuli kando ya kitanda, akasema, "Mwanangu, hicho kidonda kitajengwa na nini kama huli?" Alisema kweli. Nyama inayojaza shimo inajengwa kwa protini, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kutengeneza nyuzi za kuishikilia nyama hiyo.

Mayai ndiyo yaliyonibeba, lakini kuna mayai na mayai. Vunja mawili kwenye bakuli, tia vijiko vitatu vya maziwa na chumvi kidogo, upige hadi usione ute mweupe ukielea. Weka siagi kijiko cha chai kwenye sufuria ndogo, moto uwe mdogo kabisa. Mimina, kisha koroga polepole kwa mwiko bila kuondoka, ukikwangua chini na pembeni. Kwa dakika mbili tatu utaona kama hakuna kinachotokea. Halafu yataanza kushikana, kwanza kingoni, kisha katikati. Yakishashikana yote na kubaki kama uji mzito unaong'aa, epua papo hapo na uyahamishie kwenye sahani, kwa sababu sufuria yenyewe inaendelea kuyapika. Ukichelewa nusu dakika yanakauka na kugeuka vipande vya mpira, na vipande hivyo ndivyo vinavyokwenda kukaa shimoni. Yaliyopikwa vizuri huteleza ulimini, unayaminya kwenye paa la mdomo na kumeza. Mayai mawili yana protini gramu 12 hivi. Yaache yapoe hadi kijiko kikigusa mdomo wa chini usihisi joto.

Supu ya boga peke yake haishibishi. Ninachofanya ni kuchemsha kifua cha kuku hadi kichambuke chenyewe, kukisaga na mchuzi wake hadi kiwe kama krimu, kisha kukichanganya na boga lililosagwa. Kisage zaidi ya unavyodhani inatosha, maana nyuzi za nyama hunasa kwenye mishono, na kuzitoa kwa ulimi ni kukichezea kidonda. Dengu nazo chagua zilizokobolewa. Zenye maganda, hata zikisagwa, huacha vijiganda vyembamba vinavyoganda juu ya ufizi kama karatasi, ndiyo maana nikataja chujio. Chumvi iwe kidogo. Pilipili, pilipili manga, siki na ndimu viwe mbali na sufuria kabisa.

Parachichi linapondwa kwa uma na maziwa hadi lilainike. Lina mafuta mazuri, na mtu anayekula vijiko vichache anahitaji chakula ambacho kijiko kimoja kina nguvu nyingi. Viazi vya kuponda vinafaa vikitiwa maziwa na siagi hadi viwe vya kumwagika. Vikiwa vikavu vinashika kwenye mishono. Uji niliupika kwa maziwa badala ya maji, na nikauyeyushia kijiko kimoja cha siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa. Siagi hiyo usiile yenyewe kwa kijiko. Inanata, na utajikuta unaifuata kwa ulimi hadi kwenye shimo.

Siku yangu ya pili, ile ya upande wa kulia, ilikwenda hivi. Saa moja asubuhi kikombe cha uji wa maziwa, kisha dawa. Saa nne mtindi. Saa saba vibakuli viwili vya supu ya dengu, vuguvugu, na nilichukua nusu saa kuvimaliza. Saa kumi nusu parachichi. Saa moja jioni mayai, na kabla ya kulala maziwa nusu glasi. Ukitazama kila mlo peke yake ni kidogo, lakini jioni ile sikuwa na kizunguzungu, na mara ya kwanza saa kama hiyo nilikuwa nashikilia ukuta nikienda msalani.

Maji kunywa kutwa, hata kama hamu hakuna. Mdomo mkavu unauma zaidi na unanuka. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, ujue hujanywa ya kutosha.

Baada ya saa 24 za mwanzo unaruhusiwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, kila baada ya kula. Unayachukua mdomoni, unalaza kichwa upande huu na ule, unayaachia. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, kwa uangalifu ukikaribia kidonda.

Dawa na sahani

Vidonge vya maumivu vya ibuprofeni vimezwe na chakula au maziwa, maana tumbo tupu huvilipia. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, mjamzito, au anayetumia dawa za kufanya damu isigande, asivitumie kabla ya kumuuliza daktari. Ukipewa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, pombe iwe marufuku muda wote wa dawa na angalau siku mbili baada ya kuimaliza. Dawa hiyo pia huleta ladha ya chuma mdomoni. Mimi kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu, na mtindi wa baridi ndio pekee uliopita bila kunichefua. Ukipewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini, nayo ya kuua bakteria, usiimeze pamoja na maziwa wala mtindi, kwa sababu kalsiamu iliyomo huishika dawa isifyonzwe vizuri. Zipishanishe kwa saa kadhaa.

Mwenye kisukari azungumze na daktari wake mapema, kabla ya siku ya kung'oa. Vyakula laini vingi ni vya wanga na sukari, na pia kuruka milo ukiwa unatumia insulini au vidonge ni hatari. Kwake mayai, samaki, mtindi usio na sukari na supu ya dengu vina kazi kubwa kuliko ndizi na aiskrimu.

Kuna jambo watu huona aibu kulisema, nami nalisema. Siku nne za maziwa, mayai na viazi hufunga choo, na ukipewa dawa ya maumivu yenye kodeini ndiyo kabisa. Mimi ilinipata. Papai lililoiva hadi likalegea, lisilo na mbegu hata moja, lipondwe, liliwe asubuhi na jioni kuanzia siku ya tatu. Uji wa shayiri na maji mengi vinasaidia pia.

Kuanzia siku ya nne

Uvimbe ukianza kushuka, ongeza uzito wa chakula taratibu. Samaki aliyepikwa kwa mvuke hadi akachambuka, ukipitisha vidole kila pande kutafuta miiba. Ndizi mbivu. Tambi zilizochemshwa kupita kiasi na kukatwakatwa. Mkate uliolowekwa kwenye supu, bila ganda lake. Karoti iliyochemshwa hadi ikapondeka kwa ulimi. Kipimo changu ndicho hicho: chukua kipande, kiminye kwa ulimi kwenye paa la mdomo. Kikipondeka, unaweza kukila. Kisipopondeka, bado siku yake.

Tafuna upande usio na kidonda. Waliong'olewa pande zote mbili kwa siku moja wana kazi ngumu zaidi; wao watumie meno ya mbele na ulimi, na wakae kwenye supu na mayai siku mbili tatu zaidi.

Siku ya sita ya mara ya kwanza nilidanganyika na wali. Ulikuwa umepikwa ukalainika sana, nikauona hauna shida. Punje moja ikaingia shimoni. Punje moja! Haikuuma, lakini nilihisi ipo, na ulimi haukutulia. Kila dakika unaenda kuisukuma. Nilikuwa karibu kuchukua kijiti cha meno. Usichukue kijiti, wala sindano ya kushonea, wala ukucha. Nilichanganya maji ya chumvi, nikayaweka upande ule, nikayaacha yakae bila kusukutua, nikarudia. Mara ya tatu punje ikaelea ikatoka, nyeupe, imevimba. Tangu siku ile wali naungoja hadi wiki mbili zipite, au naupika kwa maji mengi hadi punje zipotee uwe uji.

Hasira ya punje ile ninayo pia kwa ufuta, mbegu za nyanya na za pasheni, bisi, karanga zilizovunjika na krispi za viazi. Hizi zina ncha au ganda, na mahali pa kujificha panazisubiri. Nanasi, machungwa na ndimu huchoma ufizi uliokatwa. Soda ni ya kuepuka wiki ya kwanza. Nyama ya kutafuna sana, hata kama si ngumu, inachosha taya lililokaza na kulifanya likaze zaidi. Pombe huingiliana na dawa na huchelewesha kidonda. Na sigara naitaja ingawa si chakula: unavuta kwa mdomo, na moshi wenyewe unapunguza damu inayofika kwenye jeraha. Kama unavuta, hizi ni siku za kuacha, angalau tatu za mwanzo, na wiki nzima ni bora zaidi.

Shimo linabaki

Nyuzi ulizoshonewa zinaweza kuyeyuka zenyewe au ukaitwa kutolewa. Ukizihisi zinaning'inia, ziache. Nyuzi zikishatoka shimo linabaki wazi wiki kadhaa. Ufizi huliziba kwa wiki tatu nne hivi, na mfupa wa ndani huchukua miezi. Wakati huo wote chakula kitaingia, hata ukiwa huumwi tena. Daktari wangu alinipa kibomba cha plastiki chenye ncha iliyopinda, cha kurushia maji, akaniambia nisikiguse kabla ya siku ya saba. Wewe muulize wa kwako siku gani, kwa maana kukianza mapema kunaweza kuliondoa donge. Unavuta maji vuguvugu ya chumvi, unaweka ncha mdomoni mwa shimo bila kuichomeka ndani, unasukuma polepole. Mara ya kwanza utashtuka kuona kinachotoka, vitu ulivyokula juzi, vikinuka.

Mpigie daktari kama maumivu yanaongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, hasa yakipanda sikioni na kuambatana na ladha mbaya. Kama uvimbe unakua tena baada ya kushuka. Kama unatoka usaha. Kama joto la mwili limefika nyuzi 38 au zaidi. Au kama mdomo, kidevu au ulimi bado una ganzi siku iliyofuata. Damu ikikataa kukoma baada ya kung'ata pamba safi nusu saa bila kuachia, nenda. Na ukishindwa kumeza hata mate, au pumzi ikawa nzito, usipige simu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mimi nilirudi kwenye vyakula vigumu wiki ya nne. Nilianza na tufaha, nikalikata vipande vyembamba kwanza, nikatafuna kushoto, halafu kimoja upande wa kulia, polepole, nikisikiliza taya. Halikuuma. Kipande cha ganda kiliingia shimoni, nikaenda bafuni, nikajaza kibomba changu maji.